Kufichua njama za zabuni: je, ni kuvunja amana?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni afisa mauzo. Kabla ya kila zabuni, kampuni yetu na wapinzani wetu wanne hukutana kwa siri kupanga nani ashinde; wengine tunaandika bei za juu za kusindikiza tu. Sheria ya kwetu humsamehe wa kwanza kujisalimisha kwa mamlaka ya ushindani. Nikisema, si nitakuwa msaliti?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Ndugu yangu, siri hiyo si amana. Abu Daud amepokea hadithi kwamba vikao ni amana isipokuwa vitatu, kimojawapo kikao cha kuchukua mali bila haki. Mnyororo wa wapokezi wake una udhaifu, lakini maana yake inabebwa na aya: “wala msisaidiane katika dhambi na uadui” (5:2). Mnunuzi anafungua bahasha tano akidhani anachagua, kumbe mshindi alishapangwa. Kuridhiana katika biashara kunakotajwa katika aya ya 4:29 kuko wapi hapo?

Wapo wanaosema Mtume (s.a.w.) alikataa kupanga bei Madina, basi soko liachwe. Wanazuoni wengi wameeleza kuwa bei zile zilipanda zenyewe, bila mtu kuzichezea. Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, aliwazuia wagawaji, yaani wanaolipwa ujira kuwagawia watu mali ya pamoja, wasiungane, kwa kuwa watu wanawahitaji na wakiungana ujira utapanda. Marekani ilitunga sheria yake dhidi ya njama hizi mwaka 1890!

Msamaha huo wa anayejisalimisha kwanza nauona una hekima. Njama hizi hazina risiti. Pengine hunaswa kwa kitu kidogo, kama zabuni mbili za “wapinzani” zenye kosa lile lile la tahajia. Kinachozivunja hasa ni kila mmoja kuhofu kwamba mwenzake atatangulia. Marekani walianza utaratibu huu 1978; mwaka 1993 wakahakikisha kwamba kampuni ya kwanza kuja kabla ya uchunguzi, ikitimiza masharti, inasamehewa moja kwa moja, na waliojitokeza wakaongezeka sana.

Ila msamaha wa mamlaka haufuti haki ya aliyelipa zaidi. Toba katika haki za waja haitimii mpaka mali irudi, ikiwemo bonasi uliyopata kwa zabuni hizo. Usiwatonye wenzako, ushahidi utachomwa. Muone mwanasheria wako mwenyewe, si wa kampuni, na umuone wiki hii: nafasi ya kwanza ni moja tu.