Muulize Fundi: Umebonyeza alama hii, imetoka ile

Toleo hili meseji karibu zote zinatoka Dodoma na wilaya za jirani, na karibu zote ni shida moja ya alama kwenye kibodi. Naelewa, ni msimu wa mitihani ya muhula na steshenari zinachapa mpaka usiku. Nimezipanga, ile ya mwalimu nimeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa watoto.

Shikamoo fundi. Nina steshenari Nkuhungu, kompyuta yangu ni ya mtumba imetoka Uingereza. Nikitaka kuandika imeili ya mteja nabonyeza penye @ zinatoka alama za kunukuu, nikibonyeza alama ya pauni inatoka #. Kijana mmoja kaniambia kibodi imekufa nimpe elfu 35 aniletee nyingine. Nimpe?

Marahaba mama. Usimpe, kibodi yako ni nzima kabisa.

Iko hivi, kibodi haijui nini kimechorwa juu ya kitufe. Ukibonyeza, inaiambia kompyuta tu kwamba kitufe cha sehemu fulani kimebonyezwa, basi, halafu Windows ndo inaamua itoke alama gani kulingana na mpangilio uliochaguliwa ndani. Sasa kibodi yako imechorwa kwa mtindo wa Uingereza na aliyepiga Windows hapa nchini ameacha mpangilio wa Marekani kwa sababu ndo unakuja wenyewe. Kwa Wamarekani @ iko juu ya 2 na # iko juu ya 3, kwa Waingereza juu ya 2 kuna alama za kunukuu, juu ya 3 kuna £, na @ wameihamishia kule karibu na Enter. Ndo maana unaona @ na alama za kunukuu zimebadilishana viti.

Leo leo, kabla hujarekebisha, bonyeza Shift na 2 utapata @ yako, mteja asisubiri. Ukitulia nenda Settings, halafu Time & Language, halafu Language, bonyeza English, ingia Options, ongeza kibodi ya United Kingdom kisha uifute ile ya US. Kuifuta ni muhimu, maana zikibaki mbili siku mtu akigusa kitufe cha Windows pamoja na spesi bila kujua zinabadilishana na shida inarudi, utadhani kompyuta ina mashetani. Na wewe msomaji uliyenunua ya mtumba, angalia juu ya 3, ukiona £ chagua United Kingdom, ukiona # chagua US, kwa hizi kibodi za Kiingereza inatosha.

Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu wa sayansi sekondari moja huku Mpwapwa. Mtihani nimeuandika vizuri kwa laptop, nikakopi nikautuma kwa WhatsApp steshenari wakauprinti. Siku ya mtihani naona karatasi zimeandikwa maji yanachemka kwa 1000C, na pale penye kumi kipeo cha pili imekuwa 102. Watoto wamekokotoa na hizo namba. Nimeumia sana. Kosa ni la nani na nifanyeje?

Pole sana mwalimu. Hili nimeliona mara nyingi mno na linaniuma kama linavyokuuma wewe, maana mtoto aliyesoma usiku kucha anakosa maksi kwa sababu ya kiduara kidogo.

Kosa si la steshenari. Naamini uliandika 100, ukaongeza sifuri, ukaipandisha juu kidogo na kuipunguza ili ifanane na alama ya nyuzi. Machoni inafanana kweli. Lakini kwa kompyuta ile bado ni sifuri, imevalishwa tu nguo ya kupanda juu, na nguo hiyo ni ya Word. Ukikopi ukapesti WhatsApp nguo inavuliwa inabaki sifuri tupu, 100 inakuwa 1000. Kile kipeo cha pili ni hivyo hivyo, ilikuwa 2 ya kawaida iliyopandishwa. (Na kwa kuwa ni mwalimu wa sayansi utanielewa, hapa Dodoma mjini tuko mita kama 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye 96°C hivi, hata hiyo 100 hayafiki.)

Dawa ni kuandika alama yenyewe, usiigize. Alama ya nyuzi ipo, ni herufi kamili kama a au b, ina namba yake, na ukiikopi popote inakwenda nayo. Kama kibodi yako ina zile namba za pembeni kulia, hakikisha NumLock (kitufe kinachowasha hizo namba) inawaka, shikilia Alt ya kushoto, andika 0176 kwa zile namba za pembeni, achia Alt, inatoka °. Zile namba za juu ya herufi hazifanyi kazi hapo, wengi wanakwama hapo hapo wanasema fundi muongo. Kwa mtindo huo huo 0178 inakupa ², 0179 inakupa ³, 0177 ni ±, 0189 ni ½, 0215 ni × na 0247 ni ÷. Hiyo × naisisitiza, walimu wengi wanaweka herufi x, halafu swali la aljebra lina x nyingine, mtoto anabaki anashangaa ipi ni kuzidisha ipi ni herufi.

Laptop yako ikiwa ndogo haina namba za pembeni usihangaike, ndani ya Word andika 00B0 halafu bonyeza Alt na X, zile herufi nne zinageuka kuwa °. Mzizi ni 221A, pai ni 03C0, ndogo-au-sawa ni 2264, zote unamalizia na Alt na X. Ila kuna mtego, na nauleza taratibu kwa sababu mtihani wako umejaa namba. Ukiandika 10 halafu ukagandisha 00B2 hapo hapo, Word inaona 1000B2, inameza na ile kumi yako, unapata kiboksi cha ajabu. Kwa hiyo ukishaandika, chagua kwa mausi zile nne za mwisho tu, 00B2, ndipo ubonyeze Alt na X. Unabaki na 10² safi.

Kwa sehemu zenye mstari katikati na mizizi iliyofunika maneno marefu, bonyeza Alt na = ndani ya Word, linafunguka boksi la hesabu, humo andika \sqrt ukafuate na spesi, mzizi unajichora. Na kama uko nje ya Word, Windows 10 iliyopigwa apdeti au 11 zina njia rahisi, kitufe cha Windows pamoja na nukta, linatokea dirisha la emoji, ndani yake kuna sehemu ya alama, chagua kwa mausi.

La mwisho mwalimu, ukimaliza usitume maneno ya kukopi, seivu kama PDF ndo utume. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti uliyotumia alama zinaweza kugeuka viboksi, PDF kwa kawaida inabeba fonti zake yenyewe. Na kabla hawajatoa kopi 200 waombe waprinti moja, isome na peni mkononi.

Fundi nisaidie haraka, nasoma chuo naishi Iyumbu, laptop yangu tangu jana nikiandika Dodoma inatoka D6d60a, nikiandika mimi inatoka 0505, assignment ni kesho!!

Mdogo wangu tulia, hakuna virusi. Laptop ndogo nyingi zimeficha namba ndani ya herufi, U I O zinakuwa 4 5 6, J K L zinakuwa 1 2 3, na M ni 0. Umegusa NumLock bila kujua. Tafuta kitufe kilichoandikwa NumLk au Num Lk, mara nyingi kiko juu kulia, kibonyeze, kikigoma kibonyeze huku umeshikilia Fn. Kaandike kazi.

Habari kaka. Nafanya kazi ofisi ya mtaa Chang'ombe hapa mjini, tuna orodha ya wakazi kwenye Excel. Nikichuja kwa jina la mtaa naletewa Chang'ombe tatu tofauti, zote naziona sawa. Mkuu wangu anasema tuandike tu Changombe tuachane na hicho kialama.

Hapana jamani, msikiache. Kialama hicho kinabeba sauti nzima. Ng'oa ni kutoa mti na mizizi, ngoa ni wivu, wala havihusiani. Na sisi tulio Dodoma tuna Chang'ombe, tuna Ng'hong'onha, tukianza kufuta vialama majina ya mahali petu yatasomwaje na mgeni?

Angalieni kwa karibu hizo tatu mtaona hazilingani. Moja ina kialama kilichosimama wima ('), ya pili kimejikunja kama mkia (’), ya tatu kimelalia upande (`). Kwa Excel hizo ni herufi tatu tofauti, kwa hiyo majina matatu. Kile cha mkia kinatoka Word, maana Word inakikunja yenyewe unapoandika, na simu zingine zinafanya hivyo, mtu akikopi jina kinakuja nacho. Kile kilicholala ni mtu amebonyeza kitufe cha chini ya Esc badala ya kile cha karibu na Enter.

Kopi kialama cha mkia kutoka kwenye jina mojawapo, bonyeza Ctrl na H, kipesti boksi la juu, boksi la chini andika kile cha wima, amuru vibadilishwe vyote. Rudia kwa kile kilicholala. Chang'ombe inabaki moja. Kisha kwenye Word ingieni File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kwenye AutoFormat As You Type toeni tiki ya smart quotes, na wote wanaoingiza majina mkubaliane kutumia cha wima.

Nauza zabibu jumla hapa Majengo, natunza mauzo kwa Excel. Naandika 5,000/= kila mstari lakini jumla inaniletea 0.

Hiyo /= ndo inakuponza. Ukiiweka, Excel inaona maneno, si namba, na maneno hayajumlishwi. Andika 5000 tupu kila mstari, halafu chagua safu yote, bonyeza Ctrl na 1, nenda Custom, andika #,##0"/=" na uthibitishe. Utaona 5,000/= kama ulivyozoea na jumla itakuja. Na namba za simu za wateja wako, zile zinazopoteza 0 ya mbele, tanguliza kialama cha wima kabla ya sifuri. Chenyewe hakitaonekana, sifuri itabaki.