Methani ni asilimia ngapi?
Kaka, biogesi yako ya mabaki ya mkonge hapo Hale unaweza kuipima bila mashine ya maabara. Tafuta kihisio cha waya wa moto (waya unaopashwa kwa umeme): methani, ile gesi inayowaka, hupitisha joto karibu mara mbili ya kabonidayoksaidi, hivyo waya ukipoa zaidi, methani ni nyingi. Ila hesabu hiyo ni ya gesi hizo mbili tu. Hewa ikipenya mtamboni, namba inakudanganya. Hapo ongeza kipimo cha kasi ya sauti (methani kama mita 450 kwa sekunde, kabonidayoksaidi 270), na upime joto la gesi pia, maana joto hubadilisha kasi hiyo, na jua la Tanga unalijua. Kausha mvuke kwanza. Ile gesi inayonuka mayai viza ipitishe kwenye chuma chenye kutu, la sivyo itakula waya.