Mnauliza ipi ina nafuu: majibu kuhusu sigara, shisha na ugoro

Maswali ya safari hii yanafanana. Mmoja kahama sigara kaenda kwenye shisha, mwingine kabaki na moja kwa siku, wa tatu ananusa ugoro, na wote wanataka niwape ruhusa. Ruhusa sina.

Nikinywa maziwa freshi kila jioni, si yanasafisha mapafu? (Dereva wa bodaboda, Mbagala)

Hayasafishi. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kwenye mapafu. Swali hili haliishi kuletwa, na jibu ni lilelile hata ukiweka tangawizi, asali au maji ya ndimu.

Zamani nilimaliza pakiti kwa siku. Sasa nimebaki na moja tu, baada ya chakula cha usiku. Hapo niko salama? (Msomaji, Mwanza)

Kutoka pakiti nzima hadi moja ni kazi kubwa, na nakupongeza kwa dhati. Lakini bado hujawa salama. Wengi wanadhani ukipunguza sigara kutoka 20 hadi moja, hatari ya moyo nayo inashuka hivyohivyo. Haiendi hivyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo na kiharusi aliyonayo anayevuta 20. Moshi kidogo tu unatosha kuifanya damu ielekee kuganda na kuuumiza ukuta wa mshipa. Tena hiyo moja haikai moja. Ukifika msiba au ugomvi kazini, inakuwa tano.

Na msinihamishie swali kwenye sigara "laiti", zile zinazouzwa kama nyepesi. Kichungi chake kina vitundu vidogo pembeni, ambavyo vidole na midomo ya mvutaji huviziba, kisha anavuta kwa nguvu zaidi hadi apate nikotini aliyoizoea.

Shisha inapita kwenye maji, kwa hiyo sumu inabaki humo. Kweli si kweli? (Wanachuo wawili, Dodoma)

Si kweli. Maji yanaupoza moshi, na moshi uliopoa haukwaruzi koo, kwa hiyo mnauvuta kwa kina na kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika kikao kimoja cha shisha mtu anaweza kuvuta moshi wa ujazo wa sigara 100 au zaidi. Ongezeni mkaa ulio juu, unaotoa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko chumbani. Na bomba mnapokezana mdomo kwa mdomo. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda zikafuata mwaka 2017. Mnajua mnakoivutia, na mnajua kwa nini pamejificha.

Nina mimba ya miezi mitano. Sivuti, ninanusa ugoro tu. (Mama, Singida)

Ugoro ni tumbaku, mama. Nikotini yake inaingia kwenye damu yako na kumfikia mtoto, na inahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, kuzaliwa kabla ya wakati na hata kuzaliwa wafu. Mwambie muuguzi wa kliniki leo. Usimfiche kwa kuogopa kusemwa, na akikusema vibaya, muombe mwingine.

Tunalima tumbaku Urambo. Msimu wa kuchuma, mke wangu na binti yetu wa miaka 12 wanarudi na kizunguzungu, kichwa kinauma, wanatapika usiku. Hawavuti. Jirani anasema wamerogwa. (Mkulima)

Kaka yangu, hawajarogwa. Jani bichi la tumbaku lina nikotini, na jani likiwa na umande au maji ya mvua, nikotini hiyo inayeyuka na kupenya kwenye ngozi. Mtu anabeba mafungu kifuani na kwapani tangu alfajiri, nguo imelowa chapachapa, na haivui hadi jioni. Hiyo ni sumu ya nikotini, na wakulima wa tumbaku wanaugua hivyo sehemu nyingi duniani. Kama wewe unavuta na huumwi, usijivunie. Mwili wako umeshaizoea hiyo sumu.

Subirini majani yakauke umande. Vaeni mikono mirefu, glavu na buti, na nguo ikilowa ibadilishwe palepale shambani, kisha kuoga kwa sabuni. Mara nyingi hali hiyo hupita kwa siku moja au mbili. Kukiwa na homa, pimeni malaria, maana nayo ipo. Binti asiguse tena majani mabichi, si kuchuma wala kuyafunga kwenye fito. Mwili wake ni mdogo na dozi inayomwingia ni ileile.

Hukuniuliza, lakini nitasema. Zao hili linakopeshwa pembejeo kwanza, deni linakatwa kabla hujashika hela, miti ya miombo inakwisha kwenye mabani ya kukaushia, na watoto wanatapika usiku. Wanaolisifia kwa fedha za kigeni waanze hesabu yao hapo.

Mume wangu havutii ndani, anakaa barazani. Lakini anamtuma mtoto wetu wa miaka minane dukani kwa Mangi akanunue sigara moja, na siku nyingine anamwambia aiwashe jikoni amletee. Nikisema, ananiambia namdharau. (Mama, Temeke)

Dada, humdharau. Sigara ikiwashwa kwenye mkaa mara nyingi haishiki vizuri mpaka mtu aivute, kwa hiyo huenda mwanao ameshavuta. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na Mangi analijua hilo. Nenda kamwambie kwa upole kwamba mtoto wako asiuziwe, hata akisema katumwa na baba. Baba naye asome hapa: ukiwa na kiu ya sigara, simama uifuate mwenyewe.

Babu yangu alivuta hadi miaka 90. (Wengi)

Mnamtaja babu kwa sababu alibaki. Wenzake waliozikwa na miaka 50 hawana wa kuwasimulia.

Nina miaka 58, nimevuta tangu ujana. Nikijaribu kuacha, arosto inanishinda. Si nimechelewa? (Mzee, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Hujachelewa. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50, matokeo yakatolewa mwaka 2004, walionyesha kwamba wavutaji hupoteza wastani wa miaka 10 ya uhai, na anayeacha akiwa na 60 bado anaokoa kama mitatu. Hiyo ni miaka ya kukaa na wajukuu.

Arosto, yaani mwili kudai nikotini uliyoizoea, ni kali zaidi siku tatu za mwanzo, kisha inalegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Hamu yenyewe ikipanda hudumu dakika chache. Inuka, kunywa maji, tembea hadi ipite. Kama sigara yako inakwenda na kahawa ya pale kijiweni, kwa mwezi huo kahawa kainywe kwingine. Bazoka au plasta za nikotini ukizipata kwenye duka la dawa zinasaidia kweli. Usinunue unga wa kwenye chupa kwa wapita njia.

Nimeacha wiki tatu sasa, kikohozi kimezidi. Nirudie? (Kijana, Morogoro)

Usirudie. Vinyweleo vya njia ya hewa vilivyokuwa vimelala vinaanza kusukuma uchafu nje. Lakini wiki tatu za kukohoa hazipiti bila kipimo, kwa sababu uvutaji unaongeza hatari ya kifua kikuu. Ukiona damu, jasho la usiku au umepungua uzito, usingoje hata siku moja. Peleka makohozi kituo cha afya cha serikali, kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.