Kwa nini Wagujarati wanauzungumzia Narmada kuliko Ganga

Mkuu, umeuliza inakuwaje mto Narmada una kelele nyingi hivi wakati mto wa India anaoujua kila mtu ni Ganga. Nilisoma Vadodara, jimbo la Gujarat magharibi mwa India, si mbali na Bharuch ambako Narmada unakaribia bahari, kwa hiyo nakujibu kwa nilivyouona na nilivyosikia wenyeji wakibishana.

Kwanza fungua ramani. Mito mingine mikubwa kama Godavari na Kaveri inaelekea mashariki. Narmada unaanzia Amarkantak, Madhya Pradesh, halafu unashika njia ya magharibi kilomita 1,312 hivi hadi Ghuba ya Khambhat. Umelala kwenye bonde la ufa, milima ya Vindhya kaskazini, Satpura kusini. Hauna pa kugeukia. Wahindu wanauheshimu mno. Wapo mahujaji wanaouzunguka wote kwa miguu, wanapanda ukingo mmoja na kurudi kwa mwingine bila kuuvuka njiani.

Sasa kelele. Mwaka 1979 baraza la usuluhishi liligawa maji yake kwa majimbo manne. Madhya Pradesh ikachukua fungu kubwa, Gujarat ikafuata, Maharashtra na Rajasthan zikapata kidogo. Rajasthan yenyewe mto haupiti! Maji yanafika kwa mfereji unaotoka bwawa la Sardar Sarovar na kukatiza Gujarat kilomita 458 hadi mpakani. Hata mto Sabarmati unaouona umejaa pale Ahmedabad, usidanganyike, unajazwa na maji ya Narmada.

Wenzangu chuoni waliotoka Kutch na Saurashtra, maeneo ya Gujarat, hawakutaka kabisa kusikia bwawa likisemwa vibaya. Kwao kulikuwa kukavu, na kiu si siasa. Nawaelewa. Ila bili walilipa wengine: Waadivasi (jamii za asili za India) na wakulima wa juu ya bwawa, ambao vijiji vyao vilizama. Mwanaharakati Medha Patkar na vuguvugu la Narmada Bachao Andolan (Okoa Narmada) waliwapigania kiasi kwamba mkopo wa Benki ya Dunia kwa bwawa hilo ulikatika mwaka 1993. Waziri Mkuu Nehru aliweka jiwe la msingi la bwawa 1961, uzinduzi ukaja 2017. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Na wa chini ya bwawa hawatajwi sana. Ukifika Bharuch kiangazi, ongea na wavuvi wa samaki aitwaye hilsa. Mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi yanapanda kutoka baharini, na samaki huyo anahitaji maji baridi, yasiyo na chumvi, ili apande kutaga.