Maswali ya Wasomaji: Je, Treni Iliyokarabatiwa ni Mtumba?

SWALI: Mhariri mpendwa, pokea salamu kutoka Syokimau. Kwa miaka mingi nimekuwa nikienda mjini kwa matatu, lakini mwezi uliopita nilimsindikiza baba yangu kwa treni ya dizeli, mojawapo ya zile zilizoletwa kutoka Uhispania. Tulipata viti, tukapita Imara Daima na Makadara, na tulipofika stesheni kuu ya Nairobi baba akasimama jukwaani akiduwaa, kwa sababu alikitafuta kichwa cha garimoshi asikione. Baadaye tulimwona dereva akishuka, akatembea hadi nyuma ya treni, akaingia katika chumba kingine, na treni ikarudi ilikotoka bila kugeuzwa. Mimi nami nilikuwa nimesikia mngurumo chini ya kiti changu njia nzima. Baba anasema kwamba hiyo ni mitumba iliyopakwa rangi, na kwamba chuma kikishazeeka kimezeeka. Naomba utueleze kama ni kweli, na kwa nini nchi inunue treni iliyokwisha kutumiwa na wengine.
Msomaji, Syokimau

JIBU: Ahsante, dada, na umfikishie mzee salamu zangu za heshima, kwa maana amegusa jambo ambalo abiria wengi hulipita bila kuliuliza.

Nianze na kile alichokitafuta. Treni mliyopanda haina kichwa cha kuvuta mabehewa, kwa kuwa injini zake za dizeli zimefungwa chini ya sakafu ya mabehewa yenyewe, na huo ndio mngurumo uliousikia, hasa treni inapoondoka kituoni. Chumba cha dereva kipo katika kila ncha. Kwa treni alizozizoea mzee, kila inapofika mwisho wa safari ni lazima kichwa kifunguliwe, kipitishwe kwenye reli ya pembeni, kisha kifungwe upande wa pili, na kazi hiyo hula dakika nyingi na kuhitaji njia ya ziada. Asubuhi, watu wanapongojea jukwaani, dakika hizo ni mali.

Kuhusu mitumba, mzee hakukosea. Treni hizo ziliundwa miaka ya 1990 na zikahudumu katika kisiwa cha Mallorca, hadi reli za kisiwa hicho zilipowekewa umeme na treni za dizeli zikabaki bila kazi. Kenya ilinunua treni 11, na Rais Uhuru Kenyatta akazizindua Novemba 2020. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini zilitoka huko na si kwingine, na jibu limo katika upana wa reli. Reli yetu kongwe, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma kimoja na kingine, ilhali sehemu kubwa ya dunia hutumia milimita 1,435. Mallorca nako ni milimita 1,000. Mnunuzi wa treni za upana huu hana soko pana la kuchagulia, na treni mpya huagizwa, zikachorwa na kuundwa, abiria wakiendelea kungoja. Kwa maoni yangu, aliyeziona treni za Mallorca zikiwa zimesimama bila kazi aliona vyema.

Hata hivyo, kauli ya kwamba chuma kikishazeeka kimezeeka siwezi kuikubali yote. Umbo la behewa hujengwa lidumu miaka 30 au zaidi, ila vitu vilivyofungwa ndani na chini yake huchakaa mapema zaidi, na ukarabati wa kweli ni kuvifungua kimoja kimoja. Magurudumu hukerezwa upya ili yarudie umbo lake, kwa sababu gurudumu la treni si bapa kama linavyoonekana, bali lina mteremko mdogo unaolisaidia kujiweka katikati ya reli, na mteremko huo ukiisha treni huanza kuyumba. Mihimili ya magurudumu hupimwa kwa mawimbi ya sauti yanayogundua ufa ambao jicho haliwezi kuuona. Mipira na mabomba ya breki hubadilishwa hata kama yanaonekana mazima, maana mpira huzeeka hata bila kutumika. Breki za upepo zenyewe zimebuniwa kwa hekima kubwa: ni shinikizo la upepo linaloziachilia, kwa hiyo bomba kuu likipasuka treni hujifunga na kusimama. Rangi na vitambaa vya viti, ambavyo ndivyo abiria huviona, huja mwisho, na kwangu mimi ndivyo vyenye uzito mdogo kuliko vyote. Ningefurahi sana kuona kila treni iliyokarabatiwa imebandikwa mlangoni karatasi inayoeleza ni nini kilichobadilishwa na lini kitakaguliwa tena, kwa sababu abiria anayekabidhi uhai wake ana haki ya kujua hayo.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana. Palma, mji mkuu wa Mallorca, uko pwani, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo kila injini inapovuta pumzi hupata oksijeni kidogo kuliko ilivyozoea, na fundi asipolizingatia hilo nguvu hupungua na moshi huongezeka, hasa kwenye mpando wa kuelekea Kikuyu.

Mtakapopanda tena, mketishe mzee katikati ya behewa. Magurudumu yamekusanyika karibu na ncha zake mbili, na yule aliyeketi juu yake huupokea kila mtikiso wa pale vipande vya reli vinapoungwa.

SWALI: Je, treni hizi zikiharakishwa haziwezi kutufikisha Mombasa kwa SGR, ile reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa?
Msomaji, Kikuyu

JIBU: Haziwezi, hata zikiongezwa nguvu. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina ule upana wa milimita 1,435, na gurudumu lililofungwa kwa milimita 1,000 halina pa kukanyaga. Kwa sababu hiyo treni ya dizeli huwafikisha abiria hadi stesheni ya SGR iliyoko Syokimau, na hapo kila mmoja hubeba mzigo wake na kuhamia treni nyingine.