Hiyo i7 ni ya Mwaka Gani?

Swali: Shikamoo fundi. Nina stationari Makorora, hapa hapa Tanga. Kazi zangu ni kuchapa barua na CV, kutoa kopi, picha za pasipoti, na kuwajazia watu maombi ya ajira na ya mikopo ya chuo mtandaoni. Kompyuta yangu imechoka na meza ni ndogo, kwa hiyo nataka zile za kioo kitupu, zisizo na lile boksi la CPU pembeni, wanaziita olinwani (all-in-one). Ninavyotaka iwe: i7, RAM 16, diski ya TB moja, kioo cha kugusa, kamera na spika nzuri. Kuna muuzaji ana i7 yenye diski ya TB moja kwa shilingi 750,000. Ana na i5, RAM 8, SSD ya GB 256, hiyo anataka 1,050,000. Nimeshangaa i5 kuwa ghali kuliko i7. Yeye anasema i7 ni bahati yangu, niiwahi kabla haijaondoka. Nimekutumia picha zake. Niichukue?

Jibu: Marahaba, binti. Usiichukue. Kama hela inafika, chukua ile i5.

Picha ulizonitumia zimesema kila kitu, na huyo muuzaji anajua zinasema nini. Ya kwanza imeandikwa Core i7-4770S, 3.10 GHz. Ya pili ni Core i5-8500, 3.00 GHz. Tarakimu ya kwanza baada ya kile kistari ndiyo kizazi cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ile ambayo vijana wa madukani wanaiita jenereshen. Nne ni kizazi cha nne, prosesa ya 2013. Nane ni kizazi cha nane, na hiyo 8500 ilitoka 2018. (Kuanzia kizazi cha kumi unasoma mbili za mwanzo: 10500, 12400.) Kwa hiyo bei zake ziko sawasawa kabisa. Kwenye bei kasema kweli, uongo kautolea mdomoni.

Nafungua mashine hapa Ngamiani tangu enzi za vioo vya chogo, na sijaona kitu kinachowatia watu hasara kimyakimya kama hiyo herufi moja na tarakimu moja. Mtu anaingia, hajakaa, hajasema kazi yake ni ipi: "Fundi, nataka i7." Ya mwaka gani? Ananitazama kama nimemuuliza kabila. i7 ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 2008. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo amefika umri wa kumaliza kidato cha nne, na mashine za enzi zake bado zinazunguka madukani na stika yake inang'aa.

Hebu ichukulie hivi. i3, i5 na i7 ni nafasi darasani. Kizazi ndicho darasa lenyewe. Aliyeshika namba moja darasa la nne ni mtoto hodari, hongera zake, lakini usimwingize kwenye mtihani wa kidato cha kwanza ukategemea atampita yule wa katikati wa huko. Hiyo 4770S ina kore nne, yaani vichwa vinne vya kufanyia kazi ndani ya prosesa moja. Imepewa ujanja wa kufanya kazi kama nane, lakini kore halisi ni nne. 8500 ina kore sita halisi, na kila moja inamaliza kazi nyingi zaidi kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana hiyo 3.10 isikutishe mbele ya 3.00. GHz ni idadi ya hatua, na hatua ya mtu mzima si hatua ya mtoto.

Kuna na herufi ya mwisho, ambayo hakuna anayeisoma. Ukiona U mwishoni, hiyo ni prosesa ya laptopu iliyotengenezwa ili isile umeme. Siyo dhambi, na kwenye olinwani ziko nyingi tu, maana ndani hakuna nafasi ya kupitisha joto. Lakini i7-7500U ina kore mbili. Mbili! Wakati i3-8100, ambayo mteja wangu hata kuigusa hataki kwa sababu "fundi, i3 ni ya watoto wa shule", inazo nne. Nimeshamaliza maneno yote kwenye hili jambo. Intel wenyewe mwishoni mwa 2023 waliacha hiyo "i" kwenye prosesa zao mpya za laptopu, wakaanza kuandika Core Ultra, nami nikashukuru Mungu kidogo.

Sasa nikwambie kitu ambacho muuzaji hatakwambia hata ukimkaba: kwa kazi yako, prosesa hata siyo penye tatizo. Kuchapa CV hakuitaki i7 yoyote, ya darasa lolote. Kitakachokufanya uwasimamishe watu foleni ni diski. Hiyo TB moja unayoililia ni ya kuzunguka, sahani yenye mkono unaokwenda na kurudi kutafuta faili, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye pochi gizani. Diski ya namna hiyo inasoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ile ya kawaida ya SATA inafika 550 hivi, na zile nyembamba za NVMe zinapita 3,000. Na hata hizo namba hazielezi vizuri, maana Windows inapowaka haisomi faili moja kubwa, inasoma vijifaili maelfu vilivyotawanyika, na hapo ule mkono ndipo unapokufa.

Umeshaiona asubuhi yenyewe. Umefungua duka, mwanafunzi kasimama na bahasha, deski la Windows limeshatokea, unabofya Word na hakuna kinachofunguka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama safu ya diski: asilimia 100, nyekundu. Prosesa iko asilimia 12, imekaa inasubiri. Wewe unasema "kompyuta imechoka, nataka i7". GB 256 zinakutosha. Faili la CV halifiki hata MB moja. Picha za wateja hamishia kwenye diski ya nje kila Jumamosi, ambalo hata ungekuwa na TB kumi ungepaswa kulifanya.

Halafu Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache za kuhesabika, pamoja na TPM 2.0, ambacho ni kitunza siri ndani ya mashine. Ile 4770S haimo. Na hapa ndipo anapoingia fundi maiko na flashi yake: "Mama usihofu, naipiga Windows 11 hapa hapa, elfu ishirini." Ataipiga kweli na itawaka. Kuruka ukaguzi ule ni kuweka alama kwenye kisanduku kimoja cha programu ya Rufus. Lakini Microsoft wameandika wazi kwamba mashine kama hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Na wewe, binti, kwenye mashine yako watu wanaingiza namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, nywila za akaunti za mikopo. Fundi maiko hizo nywila si zake, ndiyo maana hazimuumi.

Kioo cha kugusa achana nacho. Kwenye stationari utakigusa wiki ya kwanza, baada ya hapo watakigusa watoto wa wateja wenye mikono ya mihogo. Na kikipasuka, kwenye nyingi kimegandishwa na skrini yenyewe, unanunua vyote. Cha maana kwako ni kioo cha IPS, 1920 kwa 1080, kwa sababu vile vya bei rahisi vya TN ukikaa pembeni rangi inabadilika, na picha ya pasipoti uliyoiona sawa inatoka na uso wa kijivu. Kamera na spika sina neno.

Ambayo hukuyaorodhesha ndiyo yangenitoa mimi dukani.

La kwanza, adapta iwe ya nje, kama ya laptopu. Olinwani haina betri, kwa hiyo umeme ukikatika inazima papo hapo, na ukirudi kwa kishindo kinachopigwa kwanza ni chanzo chake cha umeme. Ikiwa ni adapta ya nje, unanunua nyingine jioni hiyo hiyo na kesho unafungua duka. Ikiwa ya ndani, ina umbo lake la peke yake, na mimi nitaanza kupiga simu Dar. Nunua na UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ndogo tu ya 650VA itakubeba. Na iwe UPS kweli, maana stabilaiza inanyoosha umeme uliopo, umeme ukikatika nayo inazima pamoja na wewe.

La pili, iwe na tundu la HDMI la kuingiza picha, siyo la kutoa tu. Ubaya wa hizi mashine ni kwamba bodi ikifa, kioo kizima kinakuwa kigae. Zenye tundu hilo, bodi ikifa unachomeka kompyuta nyingine na kioo kinaendelea na kazi, alimradi sehemu ya kioo na umeme wake ni nzima. Siyo zote zinalo, tena mengi yaliyopo ni ya kutoa. Soma maandishi pembeni ya tundu, na ujaribu kwa laptopu ya mtu kabla ya kulipa.

La tatu, RAM iwe ya kuchomoa. Nane inakutosha kuanzia, na ukitaka 16 utaongeza kijiti cha pili mwakani, vijiti viwili vikifanya kazi pamoja ni bora kuliko kimoja kikubwa. Iliyochomelewa kwenye bodi utazikwa nayo.

Na la nne si la kununua, ni la mji wetu. Tanga ni chumvi. Mwezi uliopita nimefungua moja iliyotoka Raskazone, dirisha limeelekea bahari. Mfuniko ulipoachia, miguu ya chipu karibu na feni ilikuwa kijani, kijani ya sarafu ya zamani, na kwenye mapezi ya feni vumbi limeshikana kwa unyevu mpaka limekuwa kama ugali mkavu. Juu ya mashine, palepale kwenye matundu ya kutolea joto, kulikuwa na kitambaa cha kufuma chenye maua. Kizuri kweli. Joto lote lilikuwa linarudi ndani. Vitambaa vyenu pelekeni kwenye makochi. Mashine itumike kila siku, kwa sababu ile joto ya kuwaka ndiyo inayofukuza unyevu, na kila baada ya miezi sita ifunguliwe ipulizwe. Ipulizwe, nimesema. Kuna jamaa wanaosafisha bodi kwa petroli na mswaki, nao wanajiita mafundi.

Hapo nimekujibu wewe. Lakini barua kama yako napata nyingi, na nyingine zinanifikia baada ya hela kuondoka.

Mzee mmoja alikuja kutoka Pangani na olinwani isiyo na jina la kampuni, mpya kwenye boksi, stika ya i7 kwenye kona. Nzito kuliko mkokoteni. Fundi wa kwanza alimwambia tatizo RAM, akamwongezea ikafika 8. Wa pili akambadilishia SSD, sawa, ikapona nusu. Wa tatu alisema ni virusi, akapiga Windows upya, akachukua chake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ndani mna nini. Wote waliangalia stika, kisha wakaangalia dirisha la Windows ambalo nalo lilisema i7, wakaridhika. Jina la prosesa ndani ya Windows ni maandishi tu, mtu anayejua pa kuingia anayabadilisha kama anavyobadilisha jina kwenye simu yake.

Mimi niliizima. Nikaiwasha, nikaingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio wa mashine yenyewe, kabla Windows haijaamka: kwa HP unagonga F10, kwa Dell F2, kwa Lenovo F1, nyingine ni Delete. Pale ukurasa wa kwanza ikaandika Celeron. Mzee aliisoma mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi, akaniuliza kama Celeron ni aina ya i7.

Kwa hiyo ukienda kwa huyo muuzaji wako, hata kwa hiyo i5, mwambie aizime na aiwashe mbele yako, aingie BIOS, wewe piga picha. Namba isome 8500. Halafu rudi Windows, bonyeza tena Ctrl, Shift na Esc, ingia Performance, uone kwenye Disk imeandikwa SSD. Akianza kusema BIOS ina nywila, au fundi wao hayupo, au kuna mteja mwingine yuko njiani na hela, muage vizuri.

Yule mzee nilimshauri aiuze kama ilivyo, kwa jina lake la kweli. Akasema kwa jina hilo nani atainunua, na kwa lile jingine yeye hawezi. Akaipeleka kwenye kijiwe cha kahawa cha mwanawe. Nilipita pale Jumapili, inaonyesha mpira vizuri tu, stika bado ipo kwenye kona.