Kwa mnaoanza kitengo cha endoskopi: kansa ya koo ya kitabuni sio ya mgonjwa wako

Wadogo zangu mnaoripoti kitengoni mwezi huu, karibuni sana. Mimi ni nesi, nimekaa kile chumba miaka 9, nimeshika mikono ya watu wengi wakimeza kamera, na kuna kitu kimoja natamani ningeambiwa siku ya kwanza. Kitabu ulichosomea kikifika kwenye kansa ya koo la chakula, yani umio, mara nyingi kinakuchorea mwanaume wa kizungu wa miaka 60 hivi, mnene, kiungulia kimemtesa miaka na miaka, uvimbe uko chini kabisa pale umio unapoingia tumboni. Mtu huyo yupo kweli, Marekani na Uingereza wako wengi tu, ila ukikaa kumsubiri huyo hapa kwetu wagonjwa wako watapita mbele ya macho yako na hutawaona.

Wa kwetu anakuja mwembamba, nguo zimempwaya, kiungulia hakijui, uvimbe uko katikati ya umio, alafu umri hausemi kitu. Hospitali ya Tenwek kule Bomet Kenya wameandika kabisa kuhusu wagonjwa wa chini ya miaka 30. Mwaka wangu wa pili alikuja dada mmoja wa miaka thelathini na kitu, kituo alichotoka walikuwa wamemzungusha miezi na dawa za vidonda vya tumbo, na mimi nilivyopokea ile fomu nikaangalia umri nikamsogeza mwisho wa foleni, nikajiambia huyu bado mdogo hawezi kuwa na kitu kikubwa. Mkononi alikuwa na kopo la plastiki lenye mfuniko. Nilidhani ni uji wake. Kumbe alikuwa anatemea mate, maana hata mate yalikuwa hayashuki tena. Kamera ilifika sentimita 27 kutoka kwenye meno ikagoma kupita. Tangu siku hiyo mtu akiingia na kopo au kitambaa mdomoni, huyo ndo wa kwanza, sitaki kujua ana miaka mingapi.

Sasa kwanini watofautiane hivyo? Kansa hii ina aina mbili kubwa. Adenokasinoma inaota chini, ndugu zake ni unene na asidi inayopanda miaka mingi mpaka ukuta wa umio unabadilika, hali wanayoiita Barrett. Ya pili ni skwamasi, inatoka kwenye ngozi ya ndani ya umio wenyewe, mara nyingi juu au katikati. Dunia nzima skwamasi ndo nyingi. Marekani adenokasinoma ilianza kupanda kwa kasi kwa wanaume weupe kuanzia miaka ya 1970, wakati kwa Wamarekani weusi skwamasi ndo imebaki kubwa japo imepungua sana kadri uvutaji sigara ulivyoshuka.

Hapo ndo watu wengi wanateleza, wanasema basi skwamasi ni kansa ya watu weusi. Hapana jamani, tulieni tuangalie ramani. Kuna ukanda unaoanzia Ethiopia unashuka Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi mpaka Eastern Cape Afrika Kusini, huko kansa hii imejaa, alafu ukienda Afrika Magharibi kwa weusi wenzetu unakuta ni chache sana. Nenda Golestan kaskazini mwa Irani, nenda Linxian kule Henan, China, watu wenye sura na rangi tofauti kabisa na sisi, wao wamejaa skwamasi kama Bomet. Mwaka 2021 yalitoka majibu ya utafiti uliosoma vinasaba vya kansa 552 za aina hii kutoka nchi 8, Kenya Tanzania na Malawi zimo, na alama za mabadiliko walizozikuta kwenye vinasaba hivyo hazikutofautiana sana kati ya nchi zenye wagonjwa wengi na zenye wachache. Kwahiyo kabila au rangi kwenye faili inakuonyesha uanzie wapi kuuliza, sio jibu.

Damu inayo mchango wake pia, nisiwadanganye. Wajapani, Wachina na Wakorea wengi wamerithi kimeng'enya dhaifu cha kuvunja pombe, akinywa kidogo tu uso unakuwa mwekundu, na huyo akiendelea kunywa hatari yake ya skwamasi inapanda sana. Ila angalia, hata hapo bila pombe hiyo hatari hailipuki hivyo.

Na kuna tofauti ambayo haiko mwilini kabisa, hii inaniumiza. Marekani mgonjwa mweusi na mweupe wakiwa na kansa hatua ileile, mweusi anafanyiwa upasuaji mara chache zaidi na anaishi muda mfupi zaidi. Ukisoma kwamba weusi wanakufa haraka, jiulize kwanza nani alifikishwa kwenye meza ya upasuaji.

Turudi kwetu, kwenye chai. Kilimanjaro walipima kwa kipimajoto chai ya watu wazima 188, wastani walianza kunywa ikiwa nyuzi joto 70 na ushee. Chai ya maziwa inapoa taratibu kuliko ya rangi, kwahiyo wa maziwa walikuwa wanakunywa ya moto zaidi. Na IARC, shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO, mwaka 2016 waliweka vinywaji vya kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta kansa. Kwahiyo usiishie kuandika Mmasai au Mchaga, andika anakunywa chai gani, anaimaliza haraka au anaisubiri. Uliza gongo na mbege, uliza sigara na ugoro, uliza kama anapikia kuni ndani, alafu mwambie afungue mdomo uangalie meno, maana tafiti za huku zimeona afya mbovu ya kinywa inaendana na ugonjwa huu.

Na namna ya kuuliza ndo kazi yenyewe. Ukiuliza "una shida ya kumeza?" wengi watakwambia hapana, kwasababu ameshahama zamani, ameacha nyama, akaacha ugali, akahamia wali laini, sasa yuko kwenye uji na anameza vizuri tu. Mimi nauliza, "Shikamoo babu, ugali ulishuka vizuri mara ya mwisho lini?" Mzee mmoja alinyamaza kidogo akanijibu, "Ugali uliniacha Pasaka, mjukuu wangu." Tulikuwa mwezi wa nane. Kwenye fomu ya rufaa waliandika maumivu ya tumbo wiki 2. Nikakata kwa peni nikaandika kumeza kwa shida miezi 4, nikaipeleka fomu kwa daktari mwenyewe mkononi, mzee akaingia kwenye listi ya kesho yake asubuhi.